Safu ya Maoni Niliyoijaza Bila Kufikiri

Kila mwalimu wa shule ya upili hapa Kenya anaijua safu ya mwisho ya rekodi ya kazi, ile inayokuja baada ya tarehe, kipindi na mada, na ambayo juu yake huandikwa maoni. Hapo ndipo mwalimu anapotakiwa kueleza somo lilikwendaje. Mwaka 2024, mwezi wa Februari, niliziteremsha kabatini rekodi zangu za miaka 11 ya kufundisha Kiingereza mjini Mombasa, nikaketi katika majilisi ya walimu baada ya wenzangu kuondoka, nikaisoma safu hiyo peke yake, ukurasa baada ya ukurasa. Karibu kila mahali nilikuwa nimeandika maneno yale yale, kwamba somo lilifundishwa na lengo likafikiwa. Niliyaandika siku ambazo darasa lilichangamka, nikayaandika siku ambazo nusu ya wanafunzi walikuwa wamesinzia kwa joto la kaskazi, na nikayaandika hata siku moja ya masika ninayoikumbuka vizuri sana, ambayo mvua iliyapiga mabati kwa nguvu hata wanafunzi walioketi nyuma ya safu ya pili hawakulisikia neno langu hata moja.

Hakuna aliyenilazimisha kuandika hivyo. Sikumbuki mtu yeyote aliyewahi kuniambia nidai kwamba lengo limefikiwa wakati halikufikiwa. Niliiga kwa walimu walionitangulia, nao bila shaka waliiga kwa waliowatangulia, na mazoea yakaota mizizi. Kilichonifanya nizifungue rekodi zile jioni ile ni swali la mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu ambalo nilishindwa kulijibu.

Nilikuwa nimewarejeshea wanafunzi insha zao. Walikuwa 63, na nilikuwa nimewataka waeleze picha moja ya harusi iliyokuwa katika kitabu, kila mmoja kwa namna yake. Kipindi kilipokwisha, msichana mmoja alinijia mezani akiwa amelishika daftari lake kwa mikono miwili, akalifungua mahali nilipopiga mstari mwekundu.

"Samahani, mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Hapa nimekosa nini?"

Aliandika kwamba mama wa bi harusi "has worn a blue dress". Nikamwambia kwamba Kiingereza hakisemi hivyo, kwamba husemwa "is wearing", na kwamba alirekebishe kosa hilo pamoja na mengine.

"Lakini mwalimu," akasema, "kwenye picha ameshamaliza kuvaa."

Nilimwambia aende zake kwa kuwa kengele ya kipindi kilichofuata ilikuwa imelia, naye akaenda kwa adabu, kama wanavyokwenda watoto wetu wanapojua kwamba mkubwa hataki kuulizwa zaidi. Maneno yake nilikwenda nayo hadi kivukoni Likoni, nikasimama nayo kwenye foleni ya feri, na nilipofika ng'ambo ya pili nilikuwa nimetambua jambo ambalo lilinitia haya. Mtoto yule alikuwa na hoja. Katika Kiswahili, mtu aliyekwisha kujitia nguo mwilini husemwa amevaa. Ukisema anavaa, umemaanisha kwamba bado yumo katika kitendo chenyewe, labda mkono mmoja umeingia na wa pili haujaingia. Kwa hivyo mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili, akielekezwa aandike "is wearing", anaona kwamba mwalimu wake anamtaka aseme uongo kuhusu picha iliyo mbele ya macho yake. Kiambishi -me- hueleza hali iliyobaki baada ya tendo kukamilika. Kiingereza nacho huitazama nguo iliyo mwilini kama jambo linaloendelea. Ni lugha mbili zinazoitazama harusi moja kutoka pembe mbili, na mimi niliyepewa kazi ya kumvusha mtoto kutoka upande mmoja hadi mwingine nilikuwa nimempigia mstari mwekundu nikamwacha ufukweni.

Ndipo nikazitafuta rekodi. Niliyapata masomo yote ya njeo timilifu niliyoyafundisha tangu mwaka wangu wa kwanza, na katika kila moja lengo lilikuwa limefikiwa. Lakini katika madaftari ya insha kosa lile lile lilirudi kila mwaka, kwa watoto wa Kisauni na wa Changamwe, wa Majengo na wa Mji wa Kale, nami kila mwaka nikalipigia mstari. Haikunipitikia kwamba kosa linalotoka katika mikono mingi kiasi hicho, tena kwa namna moja, haliwezi kuwa uzembe wa mtoto mmoja mmoja, na kwamba lazima lina kanuni inayolizaa.

Wataalamu wa elimu wameyaandika mengi kuhusu mwalimu kuitafakari kazi yake, na katika mwezi uliofuata nilisoma kadiri nilivyoweza kupata. Wa kwanza ambaye wengi huanza naye ni John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani, aliyewahi mwenyewe kufundisha shule ya upili kabla ya kuwa mtu wa vyuo vikuu. Katika kitabu chake cha mwaka 1910 alieleza kwamba tafakuri ya kweli huanza pale mtu anapokwama, anapokutana na jambo linalomtatiza kiasi kwamba njia aliyoizoea haimtoshi tena. Alipokirudia kitabu hicho mwaka 1933 alitaja tabia tatu ambazo mtu anayetafakari anazihitaji, nazo ni akili iliyo tayari kupokea, moyo mzima, na kuwajibika kwa matokeo ya kile anachokiamini. Baadaye akaja Mmarekani mwenzake, Donald Schön, ambaye mwaka 1983 alitofautisha kufikiri ukiwa katikati ya kazi na kufikiri baada ya kazi kwisha. Schön alisema kwamba matatizo ya nchi kavu, yale yanayotatulika kwa kanuni za vitabuni, mara nyingi si yale yanayowagusa watu zaidi, na kwamba yenye uzito yamo katika nyanda za tope. Mtu aliyewahi kupita kwenye mikoko ya hori la Tudor maji yakiwa yamekupwa anaielewa picha hiyo bila kufafanuliwa, kwa sababu huko hakuna hatua unayoipiga bila kwanza kuutazama mguu wako.

Hata hivyo, kusoma kulinisaidia kidogo kuliko nilivyotarajia. Kilichonifungua macho ni simu.

Niliiweka simu yangu mezani ikiwa inanasa sauti, nikafundisha kipindi cha dakika 40 kama kawaida yangu, nikiwa nimekwisha kuwaeleza wanafunzi kwamba ninayechunguzwa ni mimi. Jioni nikatia waya za masikioni nikajisikiliza. Sitasahau fadhaa ya dakika zile za kwanza. Niliuliza swali, nikalijibu mwenyewe. Nikauliza la pili, akajibu kijana aliyeketi mbele. La tatu, akajibu yeye tena. Kila baada ya muda mfupi niliuliza kama wameelewa, na darasa zima likaitikia kwa sauti moja kwamba wameelewa, nami nikaendelea mbele kama mtu aliyepewa hakikisho la maandishi. Nilichukua kalamu nikahesabu. Katika dakika 40, sauti za wanafunzi, ukiondoa ile ya pamoja, hazikutimiza dakika 6, na wanafunzi waliosema walikuwa wanne. Wanne kati ya 63.

Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyachunguza madarasa katika miaka ya sitini na sabini akagundua kwamba walimu wakishauliza swali hungoja kwa wastani sekunde moja tu, au chini ya hapo, kisha humrukia mwingine au hujibu wenyewe. Walipofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, wasiojibu kabisa wakapungua, na watoto waliodhaniwa kuwa wazito wakaanza kusema. Nilipima muda wangu mwenyewe kwa saa ya simu, nikaona kwamba hata hiyo sekunde moja mara nyingine sikuifikisha.

Nikaazimia kungoja, na jambo hilo lilikuwa gumu kuliko linavyosikika. Sekunde tatu za kimya mbele ya watu 63 ni ndefu. Tena hapa kwetu kimya baada ya swali kina maana yake. Mtoto aliyelelewa Pwani amefundishwa kwamba mbele ya mkubwa usiropoke, na kwamba kunyamaza ni sehemu ya heshima, na mwalimu naye amelelewa vivyo hivyo, kwa hivyo anapomwona mtoto amenyamaza huona huruma ya kutomwaibisha, akamwondolea mzigo kwa kujibu yeye. Mimi nilifanya hivyo kwa miaka mingi nikiamini kwamba ninawastahi wanafunzi wangu. Nilipoanza kungoja, wiki ya kwanza walitazamana. Wiki ya pili, msichana anayeketi karibu na dirisha, ambaye sikuwa nimeisikia sauti yake tangu muhula uanze, aliinua mkono hadi usawa wa bega, akaushusha, akauinua tena.

Sauti ile iliyonaswa ilinionyesha jambo jingine ambalo nisingeliona kwa macho. Mwanafunzi aliposema sentensi yenye kosa, niliirudia sentensi yake kwa usahihi, kwa upole, kisha nikapita. Nilijivunia njia hiyo kwa sababu haimvunji mtoto moyo. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Kanada, Roy Lyster na Leila Ranta, walichapisha uchunguzi wa madarasa ambamo watoto walifundishwa kwa Kifaransa, wakaonyesha kwamba walimu waliitumia njia hii katika zaidi ya nusu ya masahihisho yao yote, na kwamba mara nyingi mwanafunzi hakufanya chochote na alichosikia. Nikarudi kwenye sauti yangu. Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nikisahihisha, naye mtoto akisema ndiyo na kuketi, akidhani nimekubaliana naye.

Siku hizi ninaposikia kosa ninajaribu kumrudishia mwenyewe swali, nikimwomba alitazame tena neno fulani, kisha ninangoja. Si kila mara. Kuna siku ambazo mada ni nyingi, mtihani umekaribia, nami narudia tu na kupita.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kuwa mwepesi wa kuziba kimya, na hiyo ilichukua muda kuikiri. Katika shule ya msingi niliyosoma, mtoto aliyenaswa akizungumza Kiswahili siku ya Kiingereza alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Nilikivaa mara nyingi. Nilijifunza mapema kwamba Kiingereza ni lugha ambayo ukiikosea unaonekana, na kwamba aliye salama ni yule asiyefungua kinywa. Nilipokuwa mwalimu sikumvisha mtoto yeyote kibao, na nilidhani kwamba kwa kutofanya hivyo nimekwisha kuachana na jambo lile. Lakini nilikuwa nimekipiga Kiswahili marufuku darasani mwangu kwa ukali ule ule, nikikitaja tu ninapotaka kueleza chanzo cha makosa. Nilisema kwamba mwanafunzi fulani ametafsiri moja kwa moja, na nikalisema kama tusi. Kutafakari kazi ya ualimu, kwa jinsi nilivyokuja kukuelewa, ni pamoja na kuuliza mazoea yako yametoka wapi, na mengine hutoka mbali, kabla hujajua kwamba siku moja utashika chaki.

Hapa lazima nimtaje mwenzangu mmoja anayefundisha Kiswahili katika shule yetu, kwa kuwa bila yeye nisingefika popote. Siku moja tukiwa majilisini alinitazama akanena:

"Maalim, watoto hawa hawa wakiwa kwangu saa tatu wanazungumza mpaka nawaomba wapunguze. Wakija kwako saa nne, mbona huwa mabubu?"

Nikamjibu kwamba somo langu ni gumu. Hakulikubali jibu hilo. Akasema kwamba atakuja kukaa nyuma ya darasa langu, nami niende kukaa nyuma ya darasa lake, na kwamba hakuna atakayemwandikia mwenzake alama. Jambo hilo la mwisho lilikuwa muhimu. Uangalizi wa darasani unaofanywa kwa ajili ya tathmini ya mwalimu una kazi yake, lakini mwalimu anayejua kwamba anapimwa huandaa somo la kupimwa. Huchagua darasa zuri, mada nyepesi, na wanafunzi watakaojibu. Mtu anayekuja bila fomu humkuta mwalimu alivyo.

Alikaa nyuma vipindi vitatu. Hakuniambia kwamba nafundisha vizuri wala vibaya. Alinipa karatasi ambayo ameandika maneno ambayo wanafunzi wa nyuma walinong'onezana kwa Kiswahili wakati nikifundisha, na karatasi ile ninayo hadi leo. Kumbe walikuwa wakifanya kazi. Mmoja alimwuliza mwenzake kama neno fulani ni sawa na lile la Kiswahili, mwenzake akakataa akampa mfano, wa tatu akawasahihisha wote wawili. Somo la kweli la Kiingereza lilikuwa likifanyika nyuma yangu, kwa lugha niliyoikataza, nami nilikuwa nikiwaambia wanyamaze.

Baada ya hapo tulikaa pamoja alasiri mbili, tukalijadili suala la "has worn". Yeye ndiye aliyenieleza kwa lugha ya sarufi kile nilichokihisi kwenye foleni ya feri. Kisha nikalirudisha darasani. Niliigawa nafasi ya ubao mara mbili, upande mmoja nikaandika anavaa, wa pili amevaa, nikawauliza tofauti. Mikono iliinuka kila upande, kwa sababu hili walilijua tangu hawajaota meno ya pili. Nikawaomba wanipe maneno mengine yenye tabia hiyo. Wakanipa amekaa na anakaa, na kijana mmoja akaeleza vizuri sana kwamba anakaa Kisauni na amekaa kwenye kiti ni mambo mawili yasiyohusiana. Wakanipa amelala, amesimama, amebeba. Msichana aliyeniuliza swali mwanzoni akasema ameolewa, na hapo sote tukasimama kidogo, kwa maana ukimfasiria Mwingereza kwamba dada yako "has been married", anaweza kudhani kwamba ndoa hiyo imekwisha kuvunjika. Mwingine akatoa amefanana na mamake. Mwisho wa kipindi tulikuwa na vitenzi 14, na kanuni waliitamka wao: kwamba Kiswahili kikieleza hali kwa -me-, usikimbilie "has", jiulize kwanza Kiingereza kinaitazamaje hali hiyo. Jioni nilifungua rekodi ya kazi, na katika safu ya maoni, kwa mara ya kwanza, nafasi haikutosha.

Sisemi kwamba kila kosa la mwanafunzi wa Mombasa lina asili yake katika Kiswahili. Wapo wanaofikiri zaidi kwa Kigiryama au Kidigo, Kikamba au Kijaluo, nao wana njia zao. Tena kuna mahali ambapo Kiswahili cha Pwani ni msaada mkubwa ambao sikuutumia. Nilikuwa nikitenga kipindi kizima kila mwaka kuwazoeza sauti mbili za Kiingereza ambazo huandikwa kwa herufi t na h, kwa kuwa kitabu kilisema ni ngumu kwa Waafrika. Watoto wangu hutamka dhahabu, dhambi, thamani na thelathini tangu utotoni. Walichohitaji kuambiwa ni kwamba sauti hizo wanazo tayari, na hilo huchukua dakika tano.

Wenzangu huniuliza muda wa haya yote naupata wapi, na swali lao ni la haki. Nina vipindi 26 kwa wiki. Insha 63, nikiipa kila moja dakika 10, ni saa kumi na nusu za kusahihisha kwa darasa moja. Mtihani wa kitaifa wa Kidato cha Nne una karatasi tatu za Kiingereza, ya kwanza alama 60, ya pili 80, ya tatu 60, na stadi za kuzungumza zenyewe hupimwa kwa maandishi katika karatasi ya kwanza, hivyo kwamba mwanafunzi anaweza kueleza kwa kalamu jinsi ya kumpinga mtu kwa heshima ilhali hajawahi kufanya hivyo kwa Kiingereza maishani mwake. Mwalimu anayetazamwa kwa matokeo ya karatasi hizo ana kila kishawishi cha kuendelea kuzungumza mwenyewe hadi silabasi iishe.

Nilipoanza nilitaka kuandika ukurasa mzima kila siku, nikachoka kabla ya wiki mbili kwisha. Sasa ninaandika mistari mitatu, na si kwa kila kipindi. Ninachagua darasa moja kwa wiki. Mstari wa kwanza ni jambo moja nililoliona au kulisikia, bila kulihukumu. Wa pili ni dhana yangu kuhusu kwa nini lilitokea. Wa tatu ni nitakalolibadilisha kipindi kijacho. Ule wa kwanza ndio mgumu zaidi. Mwalimu hupenda kuandika kwamba darasa lilikuwa vivu, na hiyo ni hukumu. Kuandika kwamba wanafunzi saba wa safu ya nyuma hawakufungua vitabu hadi dakika ya kumi na mbili ni kuona, na ukishaona hivyo unaweza kwenda kuuliza, ukaambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba vitabu ni viwili kwa safu nzima.

Mara moja kwa muhula ninawapa wanafunzi vipande vya karatasi visivyo na majina, waandike kwa lugha yoyote wanayoitaka ni wakati gani walipotea katika somo. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilitarajia malalamiko juu ya sarufi. Wengi waliandika kwamba hupotea ninapouliza kama wameelewa, kwa kuwa wakishaitikia na wenzao hawawezi tena kuuliza. Sijaliuliza swali lile tangu siku hiyo. Badala yake ninamtaka kila mmoja aandike sentensi moja kabla ya kutoka, na ninazipitia nikiwa kwenye feri.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu chini ya mtaala wa umilisi, nami nimepewa darasa moja lao. Mtaala huo unamtaka mwanafunzi awasiliane, afikiri kwa kina, ashirikiane na wenzake, na mengi kati ya hayo ndiyo niliyokuwa nikiyapapasa bila kuyajua majina. Ninaufurahia. Wasiwasi wangu ni mmoja, kwamba tafakuri ya mwalimu nayo isije ikawa kisanduku kingine cha kutiwa alama ya vema, kwa sababu mimi ni shahidi wa jinsi safu inavyoweza kujazwa kwa miaka 11 bila mwenye kuijaza kufikiri hata mara moja.

Liko jambo linalonisumbua kwa sasa ambalo bado sijalipatia dawa. Ni vile vibainishi viwili vya Kiingereza, "a" na "the". Kiswahili hakina neno linalosimama mahali pao daima, na nimewafundisha kanuni za kitabuni kwa miaka yote hii bila mafanikio ya kudumu. Mwenzangu wa Kiswahili alinikumbusha kwamba msimuliaji wa hadithi anayeanza kwa kusema paliondokea sultani, sentensi inayofuata husema yule sultani, na kwamba neno "yule" likitangulia nomino hufanya kazi inayokaribiana na "the", likituambia kwamba mtu huyu tumekwisha kumjua. Nililijaribu wazo hilo muhula uliopita katika Kidato cha Nne. Katika rekodi nimeandika: "Lengo halikufikiwa. Sasa wanatia 'the' hata mbele ya Mombasa. Nilitoa kanuni kabla ya hadithi. Nianze na hadithi, wao waitafute kanuni."

Kipindi cha Gredi ya 10 ni Jumatatu saa nne na dakika ishirini. Nimechagua hadithi fupi ya sultani na mvuvi, nimeiandika mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na katika nakala ya Kiingereza nimeacha mapengo 18. Mwenzangu amekubali kuja kukaa nyuma, na nimemwomba asinitazame mimi, awasikilize wanaonong'ona.